Kura Kumi na Moja za Machimboni

Kambi ya Uwanja wa Maonyesho, Eastbury
Jumatatu, 7 Oktoba 1861

Mke wangu Philena,

Tulifika juzi saa nane mchana, watu tisini na mmoja, mimi nikiwemo, bila kumpoteza hata mmoja njiani. Leo nimepoteza kumi na wanne, na adui hajaonekana bado.

Aliyewaangusha ni daktari wa jeshi, aliyeweka meza yake katika banda ambalo mwezi uliopita lilikuwa la kondoo wa mashindano. Risasi za siku hizi hufungwa pamoja na baruti yake ndani ya karatasi, na askari huipasua karatasi hiyo kwa meno. Kwa hiyo mtu asiye na meno ya mbele yanayokutana, la juu na la chini, hafai. Nilikuwa nimesoma kanuni zote kabla ya kuandikisha jina la kwanza. Niliwapima urefu, nikawauliza umri, nikawasikiliza vifua. Meno sikuyaangalia. Katika mji unaolea watoto wake kwa sukari ya utomvu wa miti, hilo lilikuwa kosa la kijinga, nalo ni langu.

Jabez Toll, mhunzi, mtu anayeweza kubeba fuawe kwa mkono mmoja, alifungua kinywa na kufukuzwa papo hapo. Alifoka, “Daktari, mimi nimekuja kuwapiga waasi wa Kusini, sikuja kuwang’ata!” Daktari hakuinua hata macho. “Basi rudi nyumbani ukanywe uji. Anayefuata!”

Tumebaki sabini na saba. Sheria inataka kombania iwe na watu themanini na watatu kabla ya kuapishwa, na tumepewa hadi Jumatatu tarehe ishirini na moja. Tusipotimia, kombania itavunjwa, na watu wetu watagawanywa kujaza mapengo ya kombania za wageni, wawili huku, watatu kule. Unakumbuka nilichowaahidi wazazi pale kanisani: kwamba watoto wao watatoka pamoja, watakaa pamoja, na atakayeugua atauguzwa na mtu anayemjua mama yake. Mdogo wako Orrin ni mmoja wao. Ulimlea wewe baada ya mama yenu kufa. Sihitaji kukueleza maana ya yeye kulala katika hema la watu wasiojua hata jina lake.

Nahitaji watu sita. Tafuta wanane, kwa ajili ya meno. Bandika tangazo dukani kwa Pettibone, katika ofisi ya posta na mlangoni mwa kinu cha kusaga nafaka. Usiandike maneno ya mbwembwe. Andika masharti ya utumishi kama yalivyo katika karatasi niliyoiacha kwenye droo ya kushoto.

Kombania ikikamilika, watu watachagua kapteni wao kwa kura, kama ilivyo desturi ya vikosi vya kujitolea. Ni jambo la utaratibu tu; aliyewakusanya watu ndiye huchaguliwa.

Najua hukuniunga mkono nilipoamua kuondoka, nami sitaurudia mjadala ule ila kwa sentensi moja: mtu aliyetia saini malalamiko dhidi ya utumwa kwa miaka kumi na sita hawezi kuwapeleka watoto wa wenzake kuupiga vita, halafu yeye akabaki nyumbani akipima mashamba.

Naomba unitumie koti langu zito. Asubuhi huku kuna barafu ndani ya ndoo.

Mumeo,
Erastus Wheelock


Harrow Gap
Ijumaa, 11 Oktoba 1861

Mume wangu,

Tangazo limebandikwa mahali pote ulipotaja. Limesomwa na watu wengi, na wote wamelisifia mwandiko.

Jana nilisimama dukani kwa Pettibone saa nzima nikijifanya nachagua uzi. Walikuwepo wanaume saba wenye afya kuzunguka jiko. Nikawauliza waziwazi. Amasa Drury akasema ana mahindi ya kuvuna. Nduguye akasema naye ana mahindi ya kuvuna, ingawa ni yaleyale. Mzee Pettibone akacheka: “Bi. Wheelock, vijana wanaogopa kwata kuliko risasi. Wanasema mumeo atawapanga mstari kwa mnyororo wa kupimia, na atakayezidi inchi mbili atakatwa!” Wakacheka wote. Nami nilicheka, Erastus, unisamehe. Kisha nikatoka bila uzi na bila askari.

Jabez Toll amerudi na hasira zake. Yeye ndiye tangazo linalosomwa kuliko langu. Mtu akiona mhunzi amekataliwa, hujiuliza kwa nini yeye ajisumbue.

Nimezunguka nyumba arobaini na mbili kwa miguu. Nimepata ahadi moja, nayo imeshavunjwa na mke wa mwenye kuahidi, ambaye simlaumu.

Waliobaki ni Wawelisi wa machimboni, wale wahamiaji kutoka Wales. Wako vijana kule wenye mabega kama milango, na meno yao ni mazuri, nimeyaona wakiimba. Lakini hawaendi popote pasipo Gwilym Prosser, msimamizi wao, na Prosser hajasahau ngazi za kanisa lao. Unajua wanakuitaje kule juu? Bwana Futi Sita. Tangu ulipopima mpaka na kukuta ngazi zimeingia futi sita katika ardhi ya mwenye machimbo, na wakalazimika kuzibomoa na kuingia kanisani kwa mlango wa ubavuni, hakuna mtoto wa kule asiyelijua jina hilo.

Nifanye nini? Nijibu haraka.

Sikukubali uende, na sijabadilika. Una miaka arobaini na mitatu na kikohozi kinachorudi kila Novemba kama mtoza kodi. Nilikuambia jikoni, sasa nakuambia kwa wino. Ila Orrin ameshakwenda, na sitaki agawanywe kama kipande cha nyama. Kwa ajili yake nitaendelea kugonga milango.

Koti bado. Bitana imechakaa, naishona upya.

Mkeo,
Philena


Kambi ya Uwanja wa Maonyesho
Jumatatu, 14 Oktoba 1861

Mke wangu Philena,

Ngazi zile zilikuwa ndani ya ardhi ya mtu mwingine. Sikuziweka mimi, mimi nilipima tu. Nilipima mara tatu, kwa sababu nilijua jibu halitapendeza. Nisingependa kuona vipimo vyangu vikijadiliwa tena katika barua kuhusu mambo ya vita.

Hata hivyo, sina nafasi ya kuchagua. Panda kwa Prosser. Sharti langu ni moja tu, nalo lizingatie: usiahidi kitu chochote kisichokuwamo katika sheria. Usiahidi cheo, wala likizo, wala kwamba mtu fulani atapewa kazi ya jikoni. Kombania iliyojengwa kwa ahadi za pembeni huanguka siku ya kwanza ya mvua.

Hapa mambo yananichosha kwa namna ambayo sikuitarajia. Bunduki hazijafika. Tunafanya kwata kwa fito za uzio. Kitabu cha mafunzo kinasema hatua ya askari ni inchi ishirini na nane. Nimechora mistari ardhini kwa chokaa ili wajizoeze, kwa muda wa saa nne kila siku, na matokeo yake ni kwamba watu wazima wanaruka mistari kama wasichana wanaocheza. Orrin ndiye kinara wa dhihaka. Jana nilimkuta anaongoza wenzake nyuma ya banda la ng’ombe, sauti yake imekuwa yangu kabisa: “Wewe Coombs! Hatua yako ni inchi ishirini na tisa! Inchi hiyo moja umeiiba serikalini, irudishe!” Walianguka kwa kicheko. Nilimwita pembeni. Akaniambia, “Shemeji, wanakucheka kwa sababu wamechoka. Wape siku moja wapumzike, utaona.” Nikamwambia kwamba adui hatawapa siku moja. Akanipigia saluti vizuri kuliko alivyowahi kupiga, na ndani ya saluti ile nikahisi nimepotewa na kitu, sijui nini.

Siku zimebaki saba.

Naomba koti. Bitana inaweza kungoja, baridi haingoji.

Mumeo,
Erastus


Harrow Gap
Alhamisi, 17 Oktoba 1861

Mume wangu,

Watakuja na treni ya Jumamosi, watu kumi na mmoja, Gwilym Prosser akiwa mmoja wao. Nimewatazama meno mwenyewe, mmoja mmoja, pale mlangoni kwa Prosser. Walipanga foleni wakicheka kama watoto wa shule, na wake zao walisimama nyuma bila kucheka.

Nimefuata sharti lako. Sikuahidi kitu kisichokuwamo katika sheria. Waliniuliza maswali, nikawajibu kama sheria inavyosema.

Wapokee vizuri. Usiwaonyeshe mistari ya chokaa siku ya kwanza.

Koti halijawa tayari. Nimekutumia soksi jozi tatu kwa mkono wa Prosser.

Mkeo,
Philena


Kambi ya Uwanja wa Maonyesho
Jumanne, 22 Oktoba 1861

Philena,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya sanduku langu, ambalo limefungwa.

Wale kumi na mmoja walipita kwa daktari bila kasoro. Tulifikia themanini na wanane, na jana saa nne asubuhi tukatangazwa kuwa kombania kamili. Nakiri kwamba kwa muda wa kama saa moja nilikuwa na furaha. Saa tano ukaitishwa uchaguzi.

Mimi ni mtu wa mikutano ya mji. Kwa miaka kumi na tisa, kila Machi, nimehesabu kura za Harrow Gap, kuanzia mwenyekiti hadi mkamata nguruwe waliopotea, na hakuna aliyewahi kudai hesabu irudiwe. Kwa hiyo lilipoulizwa swali la nani azihesabu kura za kapteni, pande zote mbili zilinitaja mimi. Sikuona sababu ya kukataa. Karatasi zilitiwa katika birika la kahawa, nami nikazitoa na kuzisoma kwa sauti. Prosser. Wheelock. Prosser. Prosser. Nilisoma karatasi themanini na nane. Moja ilikuwa tupu, nayo ni yangu, kwa kuwa sikuona adabu mtu kujipigia kura. Arobaini zilikuwa na jina langu. Arobaini na saba zilikuwa na jina la Prosser. Nilitangaza matokeo, nikaandika cheti, nikatia saini.

Bila kumi na mmoja wa machimboni ningeshinda kwa kura nne. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya kwanza. Hesabu ya pili niliifanya baadaye, na ndiyo inayoniuma: wengine thelathini na sita waliomchagua ni watu wangu. Niliwaandikisha mimi. Niliwasikiliza vifua. Mmoja wao alikuja mwenyewe kuniambia usoni, naye ni mdogo wako. “Shemeji, sitakuficha, nilimpigia Prosser. Alikaa nasi jioni mbili tu, akatufundisha kuimba tukitembea. Tukiimba tunakwenda kwa hatua moja bila kuangalia chini. Wewe ulitufanya tuangalie chini.” Nilimshukuru kwa ukweli wake.

Jambo moja halijanikalia sawa. Nilimuuliza Prosser kama alikuja hapa akiwa ameshapanga kugombea. Akatazama kofia yake akasema, “Bwana Wheelock, hilo muulize mama nyumbani.” Nakuuliza.

Afisa wa kuapisha atafika Alhamisi asubuhi. Mpaka mtu ale kiapo, yu huru kuondoka kama alivyokuja. Ndiyo sheria ya kujitolea. Wale arobaini wamekasirika na wanasema mengi yenye vitisho. Mimi sioni cheo wala kazi kwangu hapa. Nadhani nitakuwa nyumbani Ijumaa. Usitume koti.

Erastus


Harrow Gap
Jumatano, 23 Oktoba 1861, saa sita

Erastus wangu,

Barua yako nimeipata asubuhi hii, na Pettibone ameniambia treni ya mchana itachukua jibu nikiliwahisha. Kwa hiyo naandika bila kusahihisha.

Umeniuliza. Nilikwenda kwa Prosser Jumatano iliyopita. Mkewe Mari alinipa chai na mkate wenye zabibu, na Gwilym akasimama karibu na jiko kama mtu anayengoja kesi. Nitakuandikia maneno yetu kama yalivyokuwa.

Akasema, “Mama, mumeo alitukatia ngazi. Sasa anataka tumfuate?”

Nikasema, “Hamtamfuata yeye. Mtamfuata mtakayemchagua.”

“Hata nikiwa mimi?”

“Hata ukiwa wewe.”

Akauliza, “Na Bwana Futi Sita atafanya nini?”

Nikamwambia, “Akishindwa atarudi nyumbani. Namjua.”

Mari akanitazama wakati huo, akaelewa yote, na akaniongezea chai.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sikumwambia agombee, wala sikumkataza. Sikuahidi kitu nje ya sheria. Nilijua tu kwamba futi sita za ngazi za kanisa zitafanya kazi ambayo machozi yangu yalishindwa kuifanya. Nilitaka mambo mawili, Erastus, na wewe uliniambia lazima nichague moja: kombania isivunjwe ili Orrin awe na watu wake, na wewe usiende. Nilikaa na hesabu hiyo siku mbili kama unavyokaa na ramani, nikaona yote mawili yanawezekana ikiwa tu hutakuwa kapteni.

Kasirika. Kasirika ukiwa hapa, mezani, kila siku, mpaka tuzeeke. Uliwakusanya, bila wewe pasingekuwa na kombania hata ya kugombea. Kazi yako umeimaliza, na jina lako halina doa. Wale arobaini watanuna siku moja kisha wataapa. Wanaume hununa hivyo.

Nitakuwa stesheni Ijumaa. Maharage yatakuwa ndani ya tanuri tangu Alhamisi.

Philena wako


Kambi ya Uwanja wa Maonyesho
Alhamisi, 24 Oktoba 1861

Mke wangu Philena,

Nilikula kiapo leo saa nne asubuhi. Barua yako nimeipata saa nane.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa kuwa mpangilio ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Saa tatu na nusu sanduku langu lilikuwa langoni. Kombania ilipangwa mbele ya afisa wa kuapisha, mimi nikiwa pembeni na kofia mkononi, kama mgeni kwenye mazishi. Afisa akatangaza kwamba asiyetaka atoke mstarini sasa. Akatoka Elijah Coombs, yule fundi wa mapipa mwenye hatua ya inchi ishirini na tisa. Nilimsumbua kwa wiki mbili, sikumtarajia yeye. Akaja mpaka nilipo, na nyuma yake nikaona wengine wanasogea, watano, kumi, kisha sikuweza kuendelea kuhesabu kwa jicho.

“Bwana Wheelock,” akasema, “sisi tulitia sahihi kwako, hatukutia kwa mwimbaji. Sema tu. Ukivuka lango, na sisi tunavuka.”

Nikamwambia mimi sina amri juu yake. Akajibu, “Ndiyo maana tunakusikiliza!” Na wengine wakasema, “Kweli! Sema, mzee!”

Orrin alikuwa bado mstarini, wa tatu kutoka kulia, anatazama mbele. Prosser angeweza kutoa amri, au kunisihi, au kunidhihaki. Alisimama tu, nadhani kwa sababu alijua hana haki ya kuniomba.

Ulihesabu vizuri, Philena, isipokuwa hatua moja. Ulichukua themanini na wanane, ukanitoa mimi mmoja, ukabaki na themanini na saba, na kombania ikawa salama. Lakini ukinitoa mimi, wanatoka na arobaini. Wanabaki arobaini na saba, na kombania inavunjwa saa sita mchana, na Orrin pamoja na wote waliomchagua Prosser wanagawanywa kwa wageni. Nilikuwa na muda wa kufanya hesabu hiyo mara moja tu. Nikairudia mara ya pili kwa mazoea, jibu likawa lilelile.

Nikaweka kofia kichwani, nikapita mbele ya Coombs, nikasimama mwisho wa mstari wa nyuma, mahali palipokuwa wazi, nikainua mkono. Afisa akauliza jina na cheo. Nikataja jina. Cheo nikasema hakuna.

Thelathini na wanane walinifuata. Wawili walitoka langoni wakipigiwa vikombe vya bati na kuzomewa mpaka barabarani. Tumeapa themanini na sita, kwa miaka mitatu, au hadi vita viishe.

Baadaye Prosser alinifuata nilipokuwa nikirudisha sanduku. Akasema, “Zile futi sita. Zilikuwa sahihi?” Nikamwambia zilikuwa sahihi, nilipima mara tatu. “Najua,” akasema. “Nilipima mwenyewe ulipoondoka. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.” Kisha akanipa daftari la majina. “Utashika hili. Mtu akiitwa na wewe ukaandika kwamba yupo, nitaamini yupo.” Ndiyo kazi yangu sasa: kuwaita kwa majina asubuhi na jioni. Nimelinakili upya kwa mwandiko unaosomeka. Jina langu lipo mahali herufi zinapoliweka, karibu na mwisho.

Kisha ndipo nikasoma barua yako.

Nimekasirika. Nalisema kwa utulivu, ili usidhani ni jambo litakalopita. Nimeitafuta sheria uliyoivunja na sikuipata. Nilikuambia usiahidi lisilokuwamo katika sheria; hukuahidi. Ulimwambia mtu huru kwamba anaweza kuchagua, maneno niliyoyasema mimi mwenyewe kila Machi kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo sina hoja dhidi yako hata moja, na jambo hilo linanikera kuliko kama ningekuwa nazo kumi.

Hakuna mtu hapa anayejua, wala Orrin, na hatajua kutoka kwangu.

Tunaondoka kwenda kusini Jumatano. Naomba koti langu, na safari hii naomba kweli.

Mumeo,
Erastus Wheelock


Harrow Gap
Jumatatu, 28 Oktoba 1861

Mume wangu,

Ijumaa nilikwenda stesheni. Barua yako ilikuwa ndani ya treni ile niliyokuwa nikiingoja ikulete wewe, na Pettibone alinipa palepale, mbele ya watu. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mari Prosser naye alikuwepo; sijui nani alimwambia aje. Alinishika kiwiko tukashuka pamoja hadi nyumbani, na maharage tukayala sisi wawili, yaliyobaki akawapelekea wake wa machimboni.

Unanisamehe kwa vifungu vya sheria, au unakataa kunisamehe kwa vifungu, sijaweza kutambua, na nimeisoma mara nne. Ungenitukana ningejua pa kusimama. Mimi nami nimekasirika, Erastus. Nimekasirika kwa sababu ulifanya sawa. Nilijua kiburi chako, nikajenga juu yake nyumba nzima, na siku ile moja nilipokihitaji, hukuwa nacho.

Usimwambie Orrin. Mwite kwa jina asubuhi na jioni, na uandike kwamba yupo.

Nilimwambia Mari kwamba ngazi zilikuwa ndani ya ardhi ya mtu mwingine kweli. Akasema wanajua, na kwamba mlango wa ubavuni hauingizi upepo mwingi kama ule wa zamani.

Koti limeondoka na treni ya leo, ndani ya gunia lililoandikwa jina lako pande zote mbili. Lifunge mpaka shingoni Novemba ikianza. Usimsifie mtu yeyote kwa kazi ya haraka: bitana nilikuwa nimeshaimaliza kuishona tangu tarehe kumi, na siku zote hizi lilikuwa linaning’inia nyuma ya mlango.

Mkeo,
Philena Wheelock